Kura zisizofika 400: mhafidhina anapomvaa mbunge wa chama chake Texas

Mei 28, 2024, kusini-mashariki mwa Texas, Spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo hilo, Dade Phelan wa Beaumont, aliponea chupuchupu kung'olewa na mwanachama mwenzake. David Covey, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa Republican katika Kaunti ya Orange na aliyejinadi kuwa mhafidhina kuliko Spika, alipungukiwa kura zisizofika 400 kati ya elfu 25 hivi zilizopigwa. Wilaya yao ya uchaguzi, ya 21, ina wakazi karibu 194,000. Gawanya mwenyewe: mmoja katika kila wanane ndiye aliyeamua, na wale saba, watoto wakiwemo, walikuwa na shughuli zao.

Hesabu hiyo ndiyo kampeni yenyewe. Anayetaka kumwondoa mbunge wa jimbo huko Texas hashindani mbele ya umma mzima. Anawatafuta watu elfu kumi na kitu wenye mazoea ya kupiga kura ya mchujo, wanaojulikana kwa majina na anwani. Wengi wa wanaoshindwa huwa na hoja nzuri tu, ila orodha yao ni mbovu, na baadhi hukwama kwenye karatasi kabla hata ya kuanza.

Bunge la Texas lina wawakilishi 150 na maseneta 31. Mshahara wao ni dola 600 kwa mwezi, na wakati wa kikao wanapata posho ya siku. Kikao cha kawaida ni siku 140 katika miaka ya witiri tu. Wilaya nyingi zimechorwa hivi kwamba chama kimoja kina uhakika wa kushinda Novemba, kwa hiyo vita halisi ni mchujo wa Machi. Msomaji wa Kenya au Tanzania asiufananishe na mchujo au kura za maoni za kwetu, ambako baada ya kura jina lako linapelekwa kwenye kikao na linaweza kurudi limekatwa. Februari 2024 kamati kuu ya Republican ya Texas ilimkemea Phelan rasmi, tena kwa kura nyingi, lakini jina lake lilibaki kwenye karatasi ya kura kama kawaida. Pia Texas haimsajili mpiga kura kwa chama. Siku ya mchujo unachagua unataka karatasi ya chama gani, basi.

Hasira za mwaka ule zilikuwa na tarehe. Mei 27, 2023, wawakilishi walimshtaki Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Ken Paxton, kwa kura 121 dhidi ya 23. Septemba Seneti ikamwachia. Novemba 17, 2023, kwa kura 84 dhidi ya 63, marekebisho ya mwakilishi John Raney yaliondoa kwenye muswada mpango wa vocha, yaani fedha za umma za kumlipia mtoto shule binafsi. Warepublican 21 waliungana na Wademocrat siku ile. Gavana Greg Abbott akaapa kuwafuata waliopinga vocha, Paxton akawafuata waliomshtaki, na mchujo ulipokwisha wabunge 15 wa Republican walikuwa wamepoteza viti: 9 mwezi Machi, na 6 katika duru ya pili ya Mei.

Karatasi

Fomu ya kwanza ni ya kumteua mweka hazina wa kampeni, na inapelekwa Tume ya Maadili ya Texas. Kabla haijapokelewa huruhusiwi kupokea mchango wala kutumia hata senti. Sheria inamruhusu mgombea ajiteue mwenyewe, na hapo ndipo wengi wanapojitia kitanzi. Mgombea anashinda barabarani tangu asubuhi, halafu usiku aanze kulinganisha risiti na akaunti ya benki? Tafuta mtu mtulivu mwenye uzoefu wa vitabu vya hesabu, hata kama hajui siasa.

Mwenye mpinzani katika mchujo anatoa ripoti Januari 15, nyingine siku 30 kabla ya uchaguzi, nyingine siku 8 kabla, kisha Julai 15. Ukiingia duru ya pili, inaongezeka ya siku 8 kabla ya duru hiyo. Kuchelewa faini ni dola 500. Ile ya siku 8 ina ukali wa pekee: baada ya dola 500 za siku ya kwanza, kila siku inayofuata ni dola 100 zaidi, hadi dola 10,000. Na faini si hasara pekee. Mpinzani wako atachapa kipeperushi kinachosema huwezi kutunza hata daftari lako, na wapiga kura wahafidhina, ambao ndio umewaendea ukiwaahidi nidhamu ya fedha za serikali, hawalisahau jambo hilo.

Fomu ya kugombea ina dirisha la mwezi mmoja. Kwa mchujo wa Machi 5, 2024, lilikuwa Novemba 11 hadi Desemba 11, 2023, saa 12 jioni. Wilaya iliyo ndani ya kaunti moja unawasilisha kwa mwenyekiti wa chama wa kaunti. Inayovuka mipaka, kama hiyo ya 21 inayogusa kaunti za Orange, Jasper na Jefferson, unawasilisha kwa mwenyekiti wa chama wa jimbo. Fomu inasainiwa kwa kiapo mbele ya mthibitishaji wa viapo. Lazima uwe umetimiza miaka 21, umeishi Texas miaka miwili na wilayani mwaka mmoja. Usisubiri siku ya mwisho. Fomu yenye kasoro ikirudishwa mapema unarekebisha, ikirudishwa saa 11 jioni ya siku ya mwisho umekwisha.

Ada ni dola 750, au sahihi 500 za wapiga kura wa wilaya badala yake. Ushauri wangu ni kukusanya sahihi hata kama fedha ipo. Anayesaini anaandika jina, anwani, tarehe ya kusaini, na tarehe ya kuzaliwa au namba yake ya mpiga kura, tena anakiri kwamba hatapiga kura katika mchujo wa chama kingine mwaka huo. Ukimaliza, umepata watu 500 waliokwisha kujifunga kwa maandishi, na umewajaribu wajitoleaji wako kabla kazi ngumu haijaanza. Lakini kusanya 700. Wapo watakaoandika anwani ya kazini, wapo wanaoishi ng'ambo ya mpaka wa wilaya bila kujua, wapo waliokwisha kumsainia mgombea mwingine wa kiti hichohicho. Hao wote wanafutwa. Aliyekusanya naye lazima aape kwamba alishuhudia kila sahihi, kwa hiyo usiache karatasi juu ya meza ya mgahawa watu wajisainie.

Fedha

Texas haina kikomo cha mchango wa mtu binafsi kwa kiti hiki. Desemba 2023 Jeff Yass, tajiri wa Pennsylvania, alimpa Abbott dola milioni 6 kwa mkupuo mmoja, na fedha za namna hiyo ndizo zilizolipia matangazo katika wilaya ambazo mtoaji hakai. Kampuni na vyama vya wafanyakazi haviruhusiwi kumpa mgombea fedha zao moja kwa moja. Noti taslimu mwisho ni dola 100 kwa mtu mmoja katika kipindi kimoja cha ripoti. Kofia ya harambee ikizungushwa ukumbini, mtu mmoja asimame karibu na kalamu, aandike jina na anwani ya kila anayetia kitu.

Kuna faida moja ambayo washindani wengi hulala nayo. Kuanzia siku 30 kabla ya kikao cha kawaida hadi siku 20 baada ya kufungwa, mbunge aliyeko haruhusiwi kupokea mchango wa kisiasa. Asiye na cheo serikalini anaruhusiwa. Ni zaidi ya miezi sita ambayo mwenye kiti amefungwa mikono kwa fedha, na kila siku anapiga kura ambazo zitakuja kusomwa hadharani. Mshindani makini anamteua mweka hazina mapema, anapiga simu za michango kuanzia Januari hadi Juni, na kiangazi kikifika ana fedha ya kumlipa meneja. Anayeamka Novemba anakuta matajiri wa wilaya wamekwisha kuahidi.

Orodha

Kwa kuwa hakuna usajili wa chama, unajuaje Mrepublican ni nani? Kwa historia. Rekodi ya serikali haionyeshi ulimpigia nani, ila inaonyesha ulipiga kura katika uchaguzi upi, na kama ulikuwa mchujo, wa chama gani. Unaomba faili hiyo kwa Katibu wa Jimbo au ofisi ya wapiga kura ya kaunti, ukitia sahihi kwamba hutaitumia kibiashara. Halafu unachambua. Aliyepiga kura ya mchujo wa Republican mara nne katika chaguzi nne yumo kundi la kwanza, mara tatu kundi la pili, hivyohivyo kushuka. Aliyepiga mara moja tu, tena mwaka wa urais, mwache kwanza. Waliohamia karibuni watenge peke yao, maana hawana historia Texas lakini wengi wao wana msimamo.

Kura za kushinda unazipata kwa kuangalia michujo mitatu iliyopita ya wilaya hiyo, kukisia watakaojitokeza, kugawa kwa mbili na kuongeza akiba. Tuseme unahitaji 13,000. Wapiga kura wa mchujo huishi wawili wawili, mume na mke, basi hiyo ni kama nyumba 8,000 au 9,000 za watakaokukubali. Utagonga nyingi zaidi ya hizo.

Mtu mmoja mjini hugonga milango 15 hadi 20 kwa saa. Mashambani, penye mageti na mbwa na barabara za changarawe, akifika 8 ameshukuru. Mmoja katika watatu ndiye atakayefungua. Wajitoleaji 10, saa nne kila Jumamosi, ni milango 600 kwa siku. Kuanzia Septemba hadi katikati ya Februari ni Jumamosi 24, lakini toa za sikukuu ya Shukrani na Krismasi, toa za mvua, na toa za Oktoba ambazo kila mtu anaangalia mpira wa vyuo. Zinabaki kama 17, yaani milango 10,200. Haitoshi kugonga kila nyumba mara mbili. Kwa hiyo kundi la kwanza linagongwa na mgombea mwenyewe, siku za kazi kati ya saa 10 jioni na giza kuingia, na wajitoleaji wanachukua kundi la pili na la tatu.

Mlangoni maneno ni machache. Jina, kiti, kwa nini, na swali moja: kati ya kodi ya majengo, mpaka na Mexico, na shule, lipi linakuumiza zaidi? Halafu nyamaza usikilize. Jibu linaandikwa kwenye simu palepale, maana ndilo litakaloamua kipeperushi kipi kitumwe nyumba ile. Mjitoleaji anayebishana mlangoni mrudishe ofisini akabandike stempu. Kila nyumba ipewe alama kuanzia 1, wetu kabisa, hadi 5, wa mwenzetu kabisa. Kosa la kawaida ni uungwana: mwenye nyumba anatabasamu, anasema “tutakuombea”, na mjitoleaji anaandika 1. Huyo ni 3. Kampeni iliyojaa 1 za uongo inashtuka usiku wa matokeo.

Kuhusu mabango nitasema kwa ufupi. Madogo ni inchi 18 kwa 24, makubwa futi 4 kwa 8 kwenye nguzo za chuma, na yote lazima yawe na maandishi ya sheria yanayokataza kuyaweka kwenye hifadhi ya barabara kuu. Ukiyachapa bila maandishi hayo umechapa mara mbili. Bango ndani ya uwanja wa mtu anayeheshimika mtaani lina thamani. Mabango 50 kwenye makutano ya barabara yataishia kung'olewa.

Rekodi ya mwenzako

Mshindani mhafidhina anasimama juu ya kura za mwenye kiti, na hapa nina msimamo mkali: zisome kwenye kumbukumbu rasmi za Baraza, usizitoe kwenye mitandao. Kura ya kuahirisha marekebisho si kura ya muswada. Aliyeunga mkono marekebisho ya Raney alikataa vocha, lakini huenda aliunga mkono fedha za walimu zilizokuwa kwenye muswada huohuo, na ukisema “alipinga muswada wa elimu” umemwonea. Andika namba ya muswada, tarehe na hesabu ya kura. Kosa moja dogo linampa nafasi ya kutuma barua iliyosainiwa na wachungaji na wakuu wa polisi wastaafu ikisema wewe ni mwongo, na siku tatu kabla ya kura hutakuwa na muda wa kujibu. Mbali na mkakati, mpiga kura ana haki ya kujua ukweli wa mtu anayemhukumu.

Uungwaji mkono wa wakubwa unasaidia, lakini usiupime kwa jina moja. Kronda Thimesch, Wilaya ya 65, aliunga mkono vocha na alikuwa na Gavana upande wake. Mitch Little, aliyekuwa miongoni mwa mawakili wa Paxton mbele ya Seneti, akamshinda Machi. Covey alikuwa na Trump, Paxton na Naibu Gavana Dan Patrick, wote watatu, na akashindwa.

Siku za kura zenyewe

Watu wa nje hungoja Jumanne ya uchaguzi. Wenye kazi wanangoja kura ya mapema, ambayo mwaka ule ilianza Februari 20 hadi Machi 1. Kila kaunti hutoa orodha ya waliopiga kura jana yake, na lazima iwe hadharani ifikapo saa 5 asubuhi. Kampeni nzuri inaichukua, inafuta majina hayo kwenye orodha ya simu, na mchana inawapigia waliobaki tu. Ukifanya hivyo kila siku, Jumanne unabaki na orodha fupi ya watu wako wasiojitokeza, na hao unawafuata hadi mlangoni. Nimeona hoja kwamba kazi hiyo ni ya kampeni zenye fedha. Si kweli. Inahitaji kompyuta moja na mtu mmoja asiyechoka.

Kura za posta ni za wenye miaka 65 na zaidi, wenye ulemavu, watakaokuwa nje ya kaunti na wachache wengine. Maombi lazima yapokelewe siku ya 11 kabla ya uchaguzi, si yatiwe posta siku hiyo. Tangu sheria ya 2021, mpiga kura anaandika namba ya leseni ya udereva au tarakimu nne za mwisho za namba yake ya hifadhi ya jamii, nayo ilingane na iliyo kwenye rekodi yake. Katika mchujo wa Machi 2022 karibu kura 12 katika kila 100 za posta zilikataliwa, nyingi kwa sababu hiyo. Wazee ndio uti wa mgongo wa mchujo wa Republican, kwa hiyo kampeni ya mhafidhina isiyowakumbusha waandike namba zote mbili inatupa kura zake yenyewe. Wakumbushe kwa simu au barua. Bahasha ya kura usiiguse.

Asipopatikana wa zaidi ya nusu, wawili wa juu wanarudi. Phelan na Covey walirudi kwa njia hiyo: Machi Covey alipata kama asilimia 46, Phelan 43, na mgombea wa tatu, Alicia Davis, karibu 11. Kwa karatasi Covey alikuwa mbele. Lakini wiki 12 zilizofuata ni uchaguzi mwingine kabisa. Kura ya mapema ni siku tano tu, Mei 20 hadi 24, na siku moja kabla ya uchaguzi ilikuwa sikukuu ya kuwakumbuka askari, wakati ambapo watu wako ziwani au kwa ndugu. Zaidi ya hapo, asiyepiga kura ya Democrat mwezi Machi anaruhusiwa kuingia duru ya pili ya Republican. Covey alilalamika kwamba Wademocrat ndio waliomwokoa Spika. Iwe ndivyo au sivyo, kanuni ilikuwa ileile tangu Novemba, na Phelan aliwatafuta wapiga kura ambao kampeni ya Covey haikuwa nao kwenye orodha. Waliopiga kura ya Davis nao ilifaa waendewe nyumba kwa nyumba kuanzia Machi 6, mmoja mmoja, wala isichukuliwe kwamba wataja wenyewe.

Baadhi ya waliofaulu mwaka 2024 walikuwa wanarudi. Andy Hopper, Wilaya ya 64, alishindwa na Lynn Stucky mwaka 2022 kwa kura zisizofika 100, akarudi 2024 na kumwangusha. Mike Olcott alishindwa na Glenn Rogers duru ya pili ya 2022, mwaka 2024 akamshinda Machi bila hata kuhitaji duru nyingine. Mara ya kwanza walijenga orodha, mara ya pili wakaitumia.

Neno kwa Waswahili wa Houston, Dallas na Fort Worth, Wakenya, Watanzania na Wakongo. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kuchangia kampeni na kugonga milango, ila kupiga kura hapana, na kujiandikisha tu kunaweza kukupotezea ukaazi. Ukiulizwa kwenye ofisi ya leseni kama unataka kuandikishwa, na hujala kiapo cha uraia, jibu hapana. Aliye raia ajiandikishe siku 30 kabla. Kama Kiingereza kinakusumbua, una haki ya kuingia na msaidizi unayemchagua, ilimradi si mwajiri wako wala wakala wa chama chako cha wafanyakazi; ataapishwa palepale. Simu zenu zizimwe ndani ya futi 100 za chumba cha kura.

Desemba 2024 Phelan alijitoa katika kinyang'anyiro cha uspika, na Januari 14, 2025, Dustin Burrows akachaguliwa kwa kura 85 dhidi ya 55. Aprili mpango wa vocha ulipita kwa kura 86 dhidi ya 61, na Mei Abbott akausaini, dola bilioni moja za kuanzia. Baraza lililokataa Novemba 2023 lilikubali baada ya mchujo mmoja.

Na kwa aliyeshindwa, kazi haijaisha usiku ule. Mgombea bado anadaiwa ripoti ya Julai 15, na zinazofuata, hadi atakapowasilisha ripoti ya mwisho inayofunga kampeni. Anayepanga kurudi asiifunge.